Mkebe wa Mbio

Kidumu kilichojaa mpaka juu hakitoi sauti. Kinachopiga kelele ni kile kilichoachwa nafasi ya vidole vinne shingoni. Mbebaji akitembea, maji yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, na kila yakirudi yanagonga plastiki kama mtu anayemeza kwa shida. Mwaka jana nilipanga chumba Arua, karibu na njia ya bombani, na kila alfajiri niliamshwa na sauti hiyo. Mtu mwingine angeizoea kwa siku tatu. Mimi nilikuwa nakaa kitandani, miguu chini, nikisubiri kuambiwa nibebe nini.

Nimeishi katika miji saba tangu nimalize sekondari. Watu huniuliza kwa nini situlii, nami huwajibu kwa mzaha kwamba nililelewa kwa mazoezi ya kuondoka. Wanacheka, tunaendelea na mengine. Nyinyi mnaosoma hamna haraka, kwa hiyo nitawaeleza mazoezi yenyewe, maana yalikuwapo kweli.

Tulifika Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini, tukitokea Fizi, Kongo, kwa njia ndefu: ziwa, Kigoma, kisha malori na miguu mpaka Kikagate, ambako mto ndio mpaka. Nilikuwa na miaka kumi. Neema, mdogo wangu, alikuwa na minne, na Amani alikuwa bado ananyonya. Baba alibaki nyuma kutafuta mbuzi wake wawili na hatukumwona tena. Naisema hivyo kwa sababu ndivyo Mama alivyoisema, kwa sentensi moja, kila alipoulizwa na watu wenye madaftari.

Tulipewa kiwanja, nguzo na karatasi gumu la plastiki la kuezekea. Mama alijenga nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na kibanda cha jiko pembeni. Ukisimama mlangoni uliona vilima vikavu, ng'ombe wa Wanyankore wenye pembe ndefu kuliko mikono yangu, na ziwa likimetameta kwa mbali, likinuka matope na samaki jua likiwa kali. Wenzetu walipanda migomba. Mama alipanda maharage na mahindi tu, vitu vya miezi mitatu minne. Mgomba, alisema, unachukua muda mwingi, na sisi hatukukuja kukaa.

Kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kilikuwa mkebe wa maziwa ya unga, ule mkubwa, ambao kifuniko chake hufunguliwa kwa mpini wa kijiko. Mama aliuita *mukebe ya mbio*. Ulikaa kichwani pa kitanda na sisi tulikatazwa kuugusa, lakini naweza kuwatajia vilivyokuwamo bila kukosea. Karatasi ya mgao wa chakula ndani ya mfuko wa plastiki. Vyeti vya ubatizo vya watoto watatu. Kitambaa cheupe alichobatiziwa Amani, kimefuliwa na kupigwa pasi. Wembe mpya katika karatasi yake, sindano, uzi mweusi, kipande cha sabuni. Chumvi na sukari, kila kimoja katika fundo lake. Kiberiti na buji mbili, kwetu mshumaa ndiyo buji. Na vidonge sita vya homa ambavyo rangi yao ilikuwa imeanza kugeuka.

Hapakuwa na bendeji wala dawa ya kidonda. Tukijikata kwa jembe, Mama alipaka masizi ya sufuria na kutuambia tuendelee kupalilia. Kidonda hakikuwa dharura. Kuhara hakukuwa dharura. Dharura kwa Mama ilikuwa jambo moja tu: ilikuja kutoka mbali ikiwa na kelele, na jibu lake lilikuwa barabara.

Kwa hiyo alitugawia mizigo. Yeye, Amani mgongoni na mkebe mkononi. Mimi, kidumu cha lita kumi kilichokaa chini ya kitanda, alichokiita bido. Alikijaza kila Jumapili maji mapya yaliyochemshwa, akaacha nafasi ya vidole vinne ili kisinishinde. Maji hayo hayakunywewa hata siku bomba lilipokauka. Tulilala na kiu juu ya lita kumi za maji. Neema alipewa sufuria ndogo yenye kikombe ndani na kifuniko kilichofungwa kwa kamba.

Kisha yakaanza mazoezi. Mama aliweza kupaza sauti wakati wowote wa mchana, tukila, tukichambua maharage, mara moja katikati ya sala: "Mizigo!" Halafu alihesabu. Kabla hajafika ishirini ilibidi tuwe barabarani, kila mtu na chake, tumetazama upande wa Kikagate, kwa kuwa ndiyo barabara pekee aliyoijua. Hatukuona ajabu yoyote kwamba tulikuwa tunajifunza kukimbia kurudi tulikotoka.

Majirani waliona. "Bale ba Mama Furaha banakimbia tena!" walipiga kelele kutoka mashambani. Furaha ni mimi. "Leo munafika wapi, Kampala? Mutuletee sukari!"

Mama, akifika ishirini, alikagua mizigo kama askari, na aliyetangulia alisifiwa. Karibu kila mara alikuwa Neema. Sufuria ilikuwa nyepesi, lakini Mama hakulisema hilo, alisema tu, "Neema anajua." Na Neema, ambaye hakuwa anajua hata kuhesabu vidole vyake, alisimama barabarani na sufuria kichwani kama mtu aliyechaguliwa kanisani.

Katika mtaa wetu palikuwa na Mama Debora, mwanamke mnene wa Uvira, mama wa afya aliyefundishwa na kupewa fulana. Kila Jumatano aliwangojea wanawake bombani, maana pale walikuwa na foleni na hawakuweza kumkimbia, akawafundisha huku akigonga beseni kwa kijiko. Kuhara: maji, chumvi, sukari. Damu: kitambaa safi, kandamiza, usichungulie chungulie. Kuungua: maji baridi, polepole, nyimbo tano na beti zote. Hakuna aliyekuwa na saa, kwa hiyo alipima muda kwa nyimbo za kanisa.

"Na wale wanaimbaka mbio mbio?" aliuliza mmoja.

"Wale baimbe sita. Na musipake dawa ya meno. Dawa ya meno ni ya meno. Mafuta ni ya mboga. Yai ni ya kula."

Alisema pia kwamba kila nyumba iwe na sanduku lake: gozi ya kufunika kidonda, bendeji, plasta, sabuni, mkasi, vidonge vya maumivu. Wanawake walicheka. Sanduku lenyewe wangelipata wapi, seuze vya kutia ndani? Mama hakucheka. Alisimama na ndoo yake kichwani, akisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa Jumamosi ya mvua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Neema sita. Mama alikuwa akikaanga mandazi ya kuuza, na kwa sababu ya mvua alikaangia ndani ya kibanda. Beseni lake la kukandia alikuwa ameliazimisha kwa jirani mwenye sherehe, basi akakoroga unga katika sufuria ndogo, akichotea kwa kikombe chake. Ile ya Neema. Hakuwahi kuitumia kabla ya siku hiyo.

Mvua ilikuwa imetengeneza tumbo la maji juu ya karatasi la paa la kibanda. Tumbo likapata tundu. Nilikuwa ndani nikimchezesha Amani niliposikia mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa, maji yakiingia katika mafuta ya moto, kisha nikaona mwanga wa rangi ya machungwa mahali pasipostahili mwanga. Mama alitoka kibandani akirudi nyuma, mikono usoni, ndimi za moto zikiwa zimeshashika plastiki.

"Mizigo!"

Hakusema moto. Hakusema maji. Alisema neno alilotufundisha, na sisi tukafanya tulichofundishwa. Aliingia ndani, akamtupa Amani mgongoni, akafunga kitenge, akachukua mkebe, akihesabu. Niliburuta kidumu kutoka chini ya kitanda na kukipandisha kichwani. Kwa pembe ya jicho nilimwona Neema amesimama katikati ya chumba, akitazama ukutani ambako sufuria yake ilitakiwa iwepo. Palikuwa patupu. Alifikiri kidogo. Kisha akageuka, akatoka, akaelekea jikoni.

Nilimwona. Sikumzuia. Kila mtu alikuwa na mzigo wake.

Yaliyotokea kibandani sikuyaona. Neema alikuja kunieleza baadaye kwamba sufuria ilikuwa upande wa pili wa mafiga, akainyakua, nayo ikagonga ukingo wa karai la mafuta. Alisema haikuuma mara moja. Alisema alichofikiria ni kwamba unga umemwagika na Mama atamgombeza.

Tulikutana barabarani kabla ya ishirini. Mvua ilikuwa ikipungua. Mama hakutukagua siku hiyo, aligeuka tu na kuanza kukimbia, nasi nyuma yake: mimi na kidumu, maji yakipiga huku na huku juu ya kichwa changu, na Neema na sufuria, akiishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliuweka mbali na mwili wake, kama watu wanavyoshika kitu cha mtu mwingine. Hakulia. Nilikimbia karibu naye umbali wa nyumba kumi, pengine kumi na tano. Niliuona mkono. Ulikuwa umebadilika rangi kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Lita kumi za maji safi zilikuwa juu ya kichwa changu, na wazo la kuziunganisha na mkono ule halikunijia.

Aliyetusimamisha ni Mama Debora. Alikuwa akitoka bombani na wanawake wawili, akasimama katikati ya njia na ndoo yake tupu, kwa kuwa bomba lilikuwa limekataa tena.

"Mama Furaha! Munakimbia nini?"

"Moto," Mama alisema, akihema.

"Moto iko wapi?"

Mama aligeuka. Sote tuligeuka. Kule nyuma wanaume watatu walikuwa wameshalivuta chini lile karatasi la paa la kibanda na walikuwa wakilikanyaga matopeni, wakicheka. Nyumba yetu ilisimama pale pale. Moshi mwembamba ulipanda, kiasi cha moshi wa mtu anayechoma mahindi.

"Na munaenda fasi gani?" Mama Debora aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

Mama alifungua mdomo. Niliona akitafuta jina la mahali. Alikuwa ametuzoeza kutoka nyumbani kwa sekunde ishirini, kwa miaka miwili, na hakuwahi kutuambia tunakwenda wapi. Nadhani ndipo alipogundua kwamba hakuwahi kujiambia hata yeye.

Wakati huo Mama Debora alikuwa amemwona Neema. "Yesu! Mukono ya mutoto! Maji! Mulete maji, mbio!"

"Maji hakuna," Mama alisema.

Mama Debora alimtazama Mama. Kisha akanitazama mimi, akainua macho taratibu mpaka juu ya kichwa changu.

"Na ile ni nini?"

"Ile ni ya mbio," Mama alisema.

Aliisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya nyumba. Wanawake wawili wale walitazamana. Mimi sikuwa mtoto jasiri, na sikuwa mkaidi, mwulizeni yeyote aliyenijua. Lakini nilikitua kidumu chini na kuanza kufungua kifuniko. Mama aliinama, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akakandamiza. Mkono wake ulikuwa na unga wa mandazi mpaka kwenye kucha. Neema alikuwa bado ameshika sufuria kichwani, akingoja aambiwe atue.

"Mama Furaha," Mama Debora alisema, "mbio imeisha. Imefika hapa."

Kiganja kikaondoka.

Mama Debora alimkalisha Neema kwenye jiwe kando ya njia, akatoa kikombe katika sufuria ile ile, akakipangusa unga, na kuanza kumwagia maji juu ya mkono, uzi mwembamba tu, maana lita kumi lazima zifike nyimbo tano. "Muimbe," alituamuru. Tuliimba. Wimbo wa kwanza waliimba wale wanawake wawili na mimi. Katika wimbo wa pili Neema alianza kulia, na Mama Debora akasema, "Vizuri. Lia, mwanangu, sasa uko hapa." Aliona bangili ya shanga iliyobana kifundo cha mkono unaovimba, akanyoosha kiganja kwa Mama bila kumtazama. Mama alifungua mkebe kwa kucha, mpini wa kijiko haukuwepo, akatoa wembe. Shanga zikamwagika matopeni. Ndicho kitu cha kwanza mkebe ule ulichowahi kufanya.

Watu walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja alileta yai, mwingine dawa ya meno akiwa ameshaikamua kidoleni.

"Ondoa ile yai," Mama Debora alisema kati ya beti mbili, "enda ukaangie bwana yako. Na wewe, kama dawa imekuzidia, kinywa chako kinaihitaji." Watu wakacheka, na yeye akarudi kwenye wimbo bila kukosea sauti.

Mama aliingia katika wimbo wa tatu. Aliimba akiwa amesimama, akimtikisa Amani mgongoni, macho yake kwenye kidumu, akiyatazama maji yakishuka. Wimbo wa tano ulipoisha, yalikuwa yamebaki ya kikombe kimoja. Mama Debora aliyamwaga hayo pia. Kisha akaufunika mkono kwa kitambaa cha ubatizo wa Amani, bila kukaza, na mwenye baiskeli akampakia Neema mpaka zahanati.

Pale zahanati walisema mkono utapona lakini vidole hawavijui. Ngozi ya vidole vinavyoungua pamoja, walieleza, hupenda kushikana, na inayoshikana hujikunja. Wakatuandikia barua ya kwenda hospitali ya Mbarara.

Mbarara ilikuwa mji mkubwa wa kwanza niliolala tangu Kigoma. Nakumbuka harufu ya dawa za kusafishia sakafu, maziwa yanayochemshwa nje ya wodi, na magari yakipanda kilima. Nilikwenda ili nimshike Amani wakati Mama akimshika Neema. Daktari alisema vidole vikunjwe na kukunjuliwa kila siku, asubuhi na jioni, mtoto apende asipende, la sivyo vitabaki vilivyo. Mama alifanya hivyo. Neema alipiga kelele za kusikika mpaka barabarani, na Mama aliendelea, kimoja kimoja, akihesabu mpaka ishirini. Namba zile zile. Daktari alisema pia kwamba aliyemwagia maji mapema alisaidia sana, akauliza ni nani. Mama alinionyesha kwa kidevu, akatazama dirishani. Hakuwa amesema na mimi tangu barabarani, isipokuwa maneno ya kazi: chukua, leta, shika mtoto. Nilijua sababu. Nilikuwa nimemwaga maji yake.

Kitanda cha jirani kilikuwa na msichana aliyevunjika mguu, na mama yake, Mama Brenda, mke wa koplo wa kambi ya jeshi ya Makenke. Alikuwa mrefu, sauti yake ya gwaride, na Kiswahili chake kilitufanya tuzibe midomo. Chetu kilimfanya yeye acheke waziwazi.

"Ati *fasi*! Fasi ni nini? Sema place, bwana."

"Na wewe unasemaka *hii mutoto iko na njaa*," Mama alimjibu, "mutoto ni kiti?"

Walielewana vizuri kabisa. Siku ya tatu Mama Brenda aliuliza kwa nini Mama analala amekumbatia mkebe. Mama akaufungua na kumwonyesha, kitu kimoja kimoja, kwa fahari kidogo. Mama Brenda aliishika karatasi ya mgao kwa vidole viwili.

"Sasa hii kadi ya posho, mtu akikatika, itafunga damu?"

"Ile ni ya tukikimbia."

"Kila siku munakimbia?"

"Hapana."

"Kila siku munapika?"

Mama akaichukua karatasi, akairudisha mkebeni.

"Sikia, mama. Mimi nimehama kambi nne. Bwana wangu anapewa barua asubuhi, jioni tuko kwa lori. Ya kuhama, niko na begi yake. Lakini kwa kwota, ile nyumba tunapewa kambini, kuna kasanduku iko kwa msumari, karibu na mlango. Gozi, bendeji, plasta, makasi, glavu, sabuni, tochi, ile unga ya kuhara, Panadol. Hiyo mimi sihami nayo. Nikitoka, inabaki, mwenye kuingia anaikuta. Nami huko naenda nakuta ya mwingine. Ni ya nyumba, si yangu. Nyumba ndiyo inaungua, nyumba ndiyo inakata mtu kisu."

"Na ukienda, ukute hakuna?"

"Naweka. Nitafanya nini? Mimi ndiyo nakaa pale."

Mama alifunika mkebe. Alikuwa na tabia ya kutokubali jambo mbele ya aliyelisema.

Tulikaa Mbarara majuma matano. Vidole vitatu vya Neema vilinyooka. Cha mwisho na cha pembeni yake vilibaki vimeinama kidogo, kama vya mtu aliyeshika kikombe. Siku ya kurudi, Mama alitupitisha dukani na kununua roli moja la bendeji, pakiti ya gozi na sabuni nzima, si kipande. Mkasi ulimshinda. Alimwambia muuza duka kwamba wembe anao.

Nyumbani alitoa karatasi ya mgao na vyeti, akavishonea ndani ya godoro. Mkebe akautoboa masikio mawili, akaupitisha waya, akautundika ukutani kwa msumari, kwa urefu wa mkono wangu. Alituonyesha kila kilichomo na kazi yake, hata Amani aliyekuwa anataka kula sabuni. Vidonge vilivyogeuka rangi alivichimbia shimo. Kidumu kikatolewa chini ya kitanda, kikawekwa karibu na jiko, na tuliruhusiwa kukichukua bila kuomba kama kuna anayeungua au anayehara, ilimradi kijazwe tena siku hiyo hiyo. Kilichoisha katika mkebe kilirudishwa kabla ya Jumapili. Majirani walewale wa Kampala na sukari wakaanza kubisha hodi: mume kajikata panga, mtoto kaingiwa na mwiba. Amani alipokuwa na miaka mitano alimfunga mbuzi wa jirani bendeji mguu mzima, na ndiyo siku pekee niliyomsikia Mama akipiga kelele juu ya mkebe ule. Neno "Mizigo" sikulisikia tena kinywani mwake. Mwaka uliofuata alipanda migomba.

Lakini kwangu aliendelea kuwa kimya kwa muda. Si kwa ukali. Alinipa chakula, alinisuka nywele, alinilipia daftari. Kuna kitu tu alikizunguka kila tulipokuwa wawili, na mimi nilikizunguka kwa upande wangu, nikijua kwamba ni deni la lita kumi. Nilikua nikiamini kwamba mama yangu hakunisamehe kwa kufungua kile kifuniko. Nilipomaliza sekondari niliondoka, na kwa kiasi fulani niliondoka na imani hiyo.

Mwaka 2015 nilirudi Nakivale kwa majuma mawili, kati ya mji wa nne na wa tano. Neema alikuwa na cherehani yake sokoni, na vile vidole viwili vilivyoinama alivitumia kubana kitambaa, akidai vinamfaa kuliko vya watu wengine. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nafunga begi. Mama alikuwa akichambua maharage mlangoni, amenipa mgongo.

"Furaha," alisema, "siku ile nilisema maji hakuna."

Nilijua siku gani. Nilisema, "Ulisema, Mama."

"Ulikuwa umeyabeba. Nilikuwa nayaona."

"Ndiyo."

Aliendelea kuchambua. Nilitazama mgongo wake, nikapiga hesabu ya miaka, na nikaelewa kwamba ukimya ule haukuwa wangu. Haukuhusu kifuniko nilichokifungua. Alikuwa amebaki pale barabarani na maneno yake mawili, mbele ya mtoto aliyeungua kwa kufuata alichofundishwa, na kila aliponitazama alimwona shahidi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua mzazi akikasirika. Mzazi akiona haya, mtoto hana macho ya kuliona hilo. Anahesabu tu kwamba amekosa yeye.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilimwona Neema akienda jikoni na sikumzuia. Nililifungua jambo hilo mdomoni, nikaona bado ni zito, nikaketi karibu naye na kuchota maharage kiganja kimoja. Tulichambua mpaka yakaisha. Basi la abiria nililokuwa nimekatia tiketi liliondoka bila mimi.